Bunduki ya Mahari ya Estelle

Bunia, Nyakasanza, mwezi wa nane

Kwako Yaya Joséphine, dada yangu mukubwa mupendwa,

Nakusalimia sana kwa upendo wa ndugu. Natumaini barua hii itakukuta muzima, weye na mama na watoto wote, na kama kile kikohozi cha mama kimepungua. Umuambie asiende shamba asubuhi mapema na ile baridi ya Butembo, hata akikasirika. Siye huku tuko wazima kwa mwili. Depo yangu ya pyesi za moto, hizi pikipiki, iko inafunguliwa kila siku, wateja hawakose, na muji umetulia kiasi chake. Estelle anakula vizuri na anashona. Utashangaa kupata karatasi kwa mukono wa dereva, wakati watu wote siku hizi wanatumiana sauti ku simu. Ni juu simu inasema kwa nguvu, na nyumba yetu iko ya vyumba viwili tu. Karatasi inanyamaza.

Yaya, haukuweza kuja ku mahari juu ya ile barabara ya Eringeti isiyo na usalama, na sikukulaumu. Picha nilikutumia zinaonesha watu wanacheka, na kweli walicheka. Lakini kuko jambo lilipita katikati ya kicheko, na limenilemea. Naomba unisikilize mupaka mwisho mbele ya kunihukumu.

Nilikuambia siku moja kama baba ya Estelle, Muzee Ambroise, alikuwa muwindaji. Kwao ni ngambo ya Mambasa, ku njia ya kwenda Epulu. Alikuwa na permi ya serikali, alijua mupaka wa hifadhi ya okapi sawa vile unajua ukuta wa jikoni yako, na hakuuvuka. Alipiga kanga, kwale na nguruwe ya pori na kaliba duze yake, bunduki ya mitutu miwili. Kisha watu wenye silaha waliingia mu kijiji. Nyumba iliungua, bunduki iliungulia ndani. Siku ile Roger, mudogo wa Estelle, alikuwa ameenda kuangalia mitego, na hakurudi tena. Hakuna mutu aliona mwili, hakuna mutu alionesha kaburi. Wengine walisema alichukuliwa kubeba mizigo, wengine walisema tu “pole”. Mama ya Estelle alikuwa amekufa zamani. Basi muzee na binti wakatembea mupaka Komanda, wakapanda gari, wakafika Bunia, wakapanga nyumba kule Mudzipela.

Mu Bunia muzee hakukuwa na kazi. Wamama wa avenue walizoea kumuletea kuku siku za sikukuu ili awanyonyoe manyoya, juu mikono yake ilifanya haraka na ngozi haikupasuka. Alikuwa anafanya pashipo kusema kitu. Estelle aliniambia kama baba yake alikuwa mutu wa kuimba. Mimi sikumusikia akiimba hata mara moja.

Siku tulienda kujitambulisha, baba mudogo Kambale ndiye alituongoza, na unamujua namna anapenda kusema. Alisema mafumbo, akasifu familia, akataja mbuzi. Muzee Ambroise aliitika kwa mbuzi zote pashipo kubishana, mupaka baba mudogo akaanza kuogopa, juu mahari pashipo kubishana haiko mahari. Kisha muzee akaongeza kama anataka na kaliba duze moja. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Baba mudogo akamuomba kwa heshima akubali franga, pesa tu, fasi ya bunduki. Muzee akatikisa kichwa.

“Baba yangu alitoa bunduki kwa kuoa,” alisema. “Mimi nilitoa bunduki kwa kuoa mama ya huyu mutoto. Kijana alete kaliba duze yenye kulia kila mara inafinywa. Ile yenye kulia leo na kunyamaza kesho, asiniletee.”

Tulipotoka inje, baba mudogo akasema kama huyu muzee anatufukuza kwa adabu. Tangu utawala wa jimbo uingie mu mikono ya wanajeshi, mutu akionekana anabeba kitu kirefu ndani ya kitenge, avenue nzima inaanza kunongona. Nani anaomba bunduki mu Bunia ya leo? Alisema nitafute binti mwingine. Nilimujibu kama siko natafuta binti, nilishapata, sasa niko natafuta bunduki.

Yaya, unajua mimi ni mutu wa pistoni na mikanda ya breki. Maisha yangu yote nimeikimbia bunduki, sijaisogelea hata siku moja. Lakini mutu mumoja wa parokia alinielekeza kwa Papa Josaphat, dokta wa nyama, wa kutibu ngombe na mbuzi, aliyestaafu, mwenye nyumba ya matofali kule juu. Huyu papa iko na bunduki mbili za halali, na karatasi zake zote. Wakati alikuwa kijana kule Kisangani, kila siku ya yenga, ile Jumapili, alikuwa anaenda na wenzake kupiga sahani za udongo zilizorushwa hewani, kwa muchezo tu, na aliyevunja nyingi alinunuliwa bia. Alinionesha picha: wanaume wa kofia nyeupe, wanacheka, kila mutu na bunduki yake imefunguliwa ku mukono. Niliangalia ile picha kwa muda. Sikuwa nimejua kama bunduki inaweza kuwa kitu cha kucheza, mu inchi hii hii yetu.

Papa Josaphat alikuwa anajitayarisha kwenda kuishi kwa binti yake Kinshasa, na bunduki hakutaka kusafiri nazo. Alikubali kumuachia Muzee Ambroise moja, kwa njia ya sheria, juu muzee alikuwa na permi tangu zamani. Karatasi zilizunguka mu biro miezi na miezi. Na mu ile miezi yote, Papa Josaphat alinifundisha. Alisema hawezi kutoa bunduki kwa mutu asiyejua anachukua nini.

Alinifundisha kama bunduki inachaguliwa sawa kiatu, kwa mwili wa mutu, si kwa uzuri. Unafunga macho, unaiinua mupaka ku shavu, unafungua macho. Kama unaona mbele moja kwa moja juu ya mutoto wa mututu, kile kishanga cha ncha ya mbele, ni yako. Kama unapaswa kukunja shingo kuitafuta, muachie mwingine. Unaifunga na kusikiliza: iseme mara moja, sawa mulango wa gari nzuri, isigonge sawa kifuniko cha sufuria. Unaangalia mbingu kupitia mitutu, mwangaza uwe viringo pashipo kuvunjika. Alisema bunduki nzito ni nzuri kwa sahani, juu inatulia mukononi, lakini muwindaji anayetembea kutwa anataka nyepesi. Alisema mitutu miwili ya kufunguka katikati inashinda zile za kuvuta-vuta, juu iko na vitu kidogo vya kuharibika, na mu pori hakuna garage. Alisema pia uangalie kartushi zinazopatikana sokoni, juu bunduki isiyo na chakula ni fimbo.

Na kitu cha mwisho, ile alisema inapita yote, ni sindano: kichuma kidogo kinachopiga matako ya kartushi na kuiwasha. Alichukua kartushi tupu, akatoa kile kidude cha nyuma chenye kupigwa na sindano, akaziba tundu na sabuni, akaiingiza, akafinya. Halafu akanionesha sabuni. Kulikuwa shimo dogo lenye kuingia ndani sana, sawa limechimbwa na jino. Alisema bunduki yenye kupiga namna hii haitakuacha.

Tulienda kuijaribu ngambo ya muto Shari, mu malisho ya rafiki yake. Alikuwa amejulisha wanajeshi wa karibu, na akawaambia wamama waliokuwa wanalima pale kama tutapiga kidogo, wasiogope. Waliitika. Lakini risasi ya kwanza ilipolia, walitupa majembe na kukimbia, na mumoja alikuwa na mutoto mugongoni. Papa Josaphat akawaita, akawapungia kofia, akawaomba samahani kwa sauti yote. Wengi walirudi kwa aibu, wakajichekea. Mumoja hakurudi. Tuliacha jembe lake limesimama juu ya tuta. Kisha papa akavunja visahani vyote nilivyorusha, pashipo kukosa hata kimoja. Mimi nilipiga mara moja, nikakosa, bega likaniuma wiki nzima. Ile bunduki ilitengenezwa na Wabeleji zamani, haina mapambo, mbao yake imekuwa nyeusi kwa jasho. Ndiyo nilichagua. Nilijisikia muwanaume, Yaya, sikufiche. Nilifikiri nimemaliza.

Ile bunduki ya pili ya papa nilikuwa nimeiona ku ukuta wa saloni, kwenye anapokea wageni. Ilikuwa na bati la feza pembeni, limechorwa ndege mwenye mukia murefu, na mbao ya kungaa sawa meza ya askofu. Papa alipewa zawadi siku ya kustaafu. Lakini sindano zake zimechoka na resori zenye kuzisukuma zimelegea. Alisema mututu wa kuume haulii kabisa, wa kushoto unalia ukipenda. Iko ya kuangalia, si ya kushika.

Kisha Estelle akakuja ku depo.

Alikuja saa ya mangaribi wakati nilikuwa nafunga, akakaa juu ya pneu ya pikipiki, akaniuliza kama bunduki imepatikana. Nilimuambia kwa furaha. Nilianza kumuelezea habari ya sabuni na ya mwangaza mu mitutu. Alinisikiliza mupaka mwisho, na nikaona anavunja uzi wa kitenge chake, mumoja mumoja.

Akaniambia kama baba yake hawazie kanga. Kila siku anaenda ku parking ya magari ya Mambasa na kuuliza madereva: njia gani inapita, kambi gani imehama, nani alionekana akibeba mizigo. Amenunua viatu vya pori na kuvificha chini ya kitanda. Anataka kwenda kumutafuta Roger. Mutu wa pori haingii pori mukono mutupu, na bunduki yake iliungua, ndiyo sababu anangojea ile ya mahari.

“Akipata bunduki nzuri, ataenda, na watamuua,” alisema. “Akipata mubaya, hataenda. Muwindaji sawa baba hawezi kuingia pori na bunduki asiyoiamini. Namujua. Kamate, chagua ile haiwezi kulia.”

Nilimuuliza juu ya nini tusimuambie wazi kama tunajua. Alijibu kama alishamuambia, akalia mbele yake, akamushika miguu, na muzee akamujibu tu kama anaenda kununua tumbako. Nilimuuliza juu ya nini tusiache bunduki kabisa, tuoane pashipo. Alisema baba hatamutoa, na yeye hawezi kutoka pashipo baba kumutoa. Na tena, muzee atatafuta kule kwenye machimbo, apate moja ya kutengenezwa na mabomba ya maji, imupasukie usoni. Alikuwa ameshafikiri njia zote, Yaya. Kila njia nilifungua, nilimukuta yeye ameshaipita na kuirudia.

Sikujua la kufanya. Nilikuwa natazama wateja wananiomba kebo ya klachi na nawapa ya breki. Nilijiambia kama nikimupa nzuri, namupa njia ya kwenda kufa. Nikimupa mubaya na akaenda nayo, namupa kufa pashipo kujitetea. Nilitaka kumuuliza baba mudogo, lakini angetangaza. Nilitaka kumuuliza pasta, lakini Estelle aliniapisha. Hata weye nilitaka kukupigia, nikaangalia simu, nikairudisha mu mufuko. Basi nikafanya sawa mutu anavyofanya wakati hajui: nilimusikiliza ule anayelia.

Nilirudi kwa Papa Josaphat na kumuomba ile ya ndege. Alifikiri nafanya muzaha. Alipoona sifanye muzaha, aliketi, na nikaona uchungu mu uso wake, sawa mwalimu ambaye mwanafunzi wake ameandika upuuzi kwa makusudi. Aliniuliza kama mimi pia nimeshindwa na vitu vya kungaa. Sikuweza kumujibu, juu ya ile kiapo. Aliitoa ku ukuta mwenyewe, akaipanguza vumbi na mukono wa shati.

“Hii usiegemeze maisha ya mutu juu yake,” aliniambia. “Nimesema. Mungu amesikia.”

Karatasi zikabadilishwa, na ile ya Wabeleji akamuachia kaka mumoja wa chama cha wawindaji. Tangu siku ile, tukipitana njiani, ananisalimia kwa kichwa tu.

Siku ya mahari uliona mu picha. Lupango ya muzee kule Mudzipela ilijaa, wamama walipiga vigelegele, mbuzi zilihesabiwa watu wakicheka. Baba mudogo Kambale akatoa bunduki mu kifuniko chake, na watu waliposhuhudia ile feza na ule ndege, wakasema “eee” kwa murefu. Nilitaka ardhi inimeze. Estelle alikuwa amesimama ku mulango na dada za kanisa, kichwa chini, sawa bibi-arusi anapaswa.

Kila mutu alijua kama hakuna kupiga risasi pale. Risasi moja mu quartier, na ungeona watu wote wa avenue wanakimbia na magodoro yao kichwani. Nilikuwa naegemea ku jambo lile. Muzee Ambroise akaichukua. Aliifungua, akaangalia mbingu. Aliifunga, akainamisha sikio. Akaiinua ku shavu na kuishusha. Kisha akaingiza mukono mu mufuko wa koti na kutoa kartushi tupu, ya zamani, rangi imetoka. Na nikaona, kule nyuma, fasi ya kile kidude, iko imezibwa na nta ya mushumaa.

Ilikuwa jaribu lile lile la sabuni, Yaya. Aliingiza kartushi, akafinya, tukasikia “tik”. Watu wakacheka sawa watoto. Akaifungua, akatoa kartushi, akaigeuza. Nilikuwa nimeketi karibu. Ile nta ilikuwa laini, sawa uso wa maji. Hakukuwa alama hata kidogo.

Akaingiza tena, akafinya gasheti ya pili, ya mututu wa kushoto. Akaangalia tena: laini vile vile. Kisha akafunga vidole vyake juu ya ile kartushi, akainua kichwa, akaniangalia. Sikuona hasira. Aliniangalia tu, murefu, mupaka baba mudogo akakohoa. Kisha akageuka, akaangalia ku mulango, kule Estelle alikuwa amesimama.

“Iko muzuri,” akasema kwa watu wote. “Nimeipokea. Binti ni wenu.”

Vigelegele vikapanda. Ndiyo picha ile weye ulipenda, fasi mimi nimeweka mukono usoni na ukaandika kama nalia kwa furaha.

Tulifunga ndoa kanisani, Estelle akahamia kwangu, na nikaanza kujituliza. Nilijiambia kama labda muzee hakuona vizuri, labda macho yake yamechoka. Estelle alikuwa na hakika kama tumemushinda. Kila alipotoka kumutembelea baba yake, alirudi na habari kama bunduki iko ku kona, imefunikwa. Alianza kunenepa kidogo. Alianza kulala.

Sasa nakuja ku jambo lenyewe.

Asubuhi moja, Estelle akiwa ku cherehani kwa rafiki yake, Muzee Ambroise alifika ku depo. Alikuwa amevaa viatu vya pori, mufuko mugongoni, na bunduki imefungwa ndani ya turubai, karatasi zake za permi ndani ya mufuko wa plastiki shingoni. Aliniomba nimupeleke na moto, ile pikipiki yangu, ku parking ya Mambasa. Estelle alishaagwa jana yake, baba alimuambia anaenda kutembelea dada yake mu Mambasa, na amemuambia bunduki ataibeba kumuonesha shemeji. Na Estelle alimuacha, Yaya, juu alikuwa na hakika kama haina kitu. Alifikiri baba akifika na kuijaribu, ataiona mubaya na kurudi.

Njiani nilisimamisha moto pembeni ya muti ya eukaliptu, nikazima motere. Nilimuambia asiende. Nilipiga magoti mu vumbi, watu wanapita. Nilimuambia ukweli wote kuhusu ile bunduki, kama hailii, kama nilijua wakati nachagua. Alinishika bega na kuniinua.

“Mutoto wangu, nilijua tangu nta,” alisema. “Na nilijua haikuwa akili yako. Weye hauna akili ya namna ile. Ile ni akili ya Estelle, aliipata kwa mama yake.”

Nilimuuliza juu ya nini basi aliipokea mbele ya watu. Alisema angeikataa, wangenirudisha kwetu na aibu, na binti angebaki pashipo bwana na pashipo kaka. Yeye mwenyewe hakuwa anaweza kungojea tena. Alisema hakutaka bunduki kwa kuua mutu. Alitaka tu, akitokea kwenye kambi ya watu, waone muwindaji anakuja kuuliza habari, si muzee anayeombaomba. Kwa hiyo, alisema, hata ile ya ndege inatosha, na ile nzuri ingelikuwa nzito bure. Nikamuuliza na kama wakimupiga. Aliangalia barabara, akasema Roger alikuwa muoga wa giza tangu utoto, na kama iko hai fasi fulani, hakuna mutu hata mumoja ameshaenda kumuita kwa jina lake.

Kisha akaniagiza. “Estelle asijue kama nilijua. Acha afikiri alinishinda. Mutoto akifikiri ameokoa baba yake, analala.”

Nilimupeleka, Yaya. Ndiyo ungamo langu. Niliwasha moto na kumupeleka mupaka ku parking, nikamufungia mufuko wake juu ya gari, nikasimama pale. Ku bariere ya kutoka muji, hatua chache mbele yangu, wanajeshi waliangalia karatasi zake, mumoja akafungua turubai, akaona yule ndege wa feza, akacheka, akamuacha apite. Ningeweza kumuambia yule mwanajeshi amuzuie. Sikumuambia.

Tangu pale mwezi umepita na mwingine umeanza. Dada yake wa Mambasa alipiga simu kwangu, akasema alilala kwake mara moja tu, akaacha salamu. Dereva mumoja wa magogo aliniambia aliona muzee wa bunduki ya kungaa ngambo ya Epulu, ananunua chumvi na kuuliza watu. Kisha hakuna tena. Simu yake haiingii. Estelle nilimuambia kama kule mutandao haushike, na ni kweli, haushike.

Yaya, sijui kushika jambo hili kwa mukono gani. Nikimuambia Estelle, atajua kama ni bunduki ile alichagua yeye ndiyo baba alienda nayo, baba akijua kama imekufa, na sijui kama atasimama tena. Nikinyamaza, kila asubuhi ananiangalia na uso wa kushukuru. Kwenda kumutafuta siwezi, sijui hata pori inaanzia wapi. Kurudisha neno langu kwa muzee siwezi, hayuko. Weye ni mwanamuke, ulishafiwa na baba na bwana pia, niambie kama ungetaka kujua. Nijibu kwa huyu dereva anayekuletea barua, ni mutu wa kuaminika, anarudi Bunia wiki ijayo kama njia iko wazi.

Unisalimie mama sana, umushikie mikono yote miwili kwa ajili yangu, lakini usimusomee. Umuombe tu aombee wasafiri. Salamu kwa watoto, kwa majirani wa Furu, na kwa wote wanaoniuliza. Estelle naye anakusalimia, iko karibu yangu sasa hivi anapiga pasi, anafikiri nakuandikia habari ya pyesi. Siku hizi ameanza kucheka. Jana wakati wa kula aliniambia nijitayarishe, juu kwa hakika baba ameshajaribu ile bunduki kule Mambasa, ameona kama ni mubaya, na siku yoyote atafika ku mulango kunigombeza. Alisema atanitetea. Nikamuambia asante.

Ni mimi mudogo wako ulinibeba mugongoni,

Kamate